Muwasho baada ya dozi ya antibayotiki

Dada zangu, ukimaliza dozi ya amoksilini ya kifua, kisha siku chache baadaye ukeni kukaanza kuwasha na kutoka uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, usio na harufu kali, usikimbilie kumshuku mwenzio. Mara nyingi ni fangasi aitwaye Candida. Huishi mwilini siku zote, ila bakteria wazuri wa ukeni humbana kwa kutengeneza asidi. Antibayotiki haichagui: inaua wa kifuani na hao walinzi pia, fangasi anabaki na uwanja peke yake.

Kosa ninaloliona sana ni kurudi duka la dawa kununua antibayotiki nyingine, hasa metronidazo. Haiui fangasi hata kidogo! Muulize mfamasia dawa ya fangasi, kama klotrimazoli ya kuweka ukeni usiku. Mjamzito, mwenye kisukari au anayerudiwa mara kwa mara aende kituo cha afya apimwe kwanza.

Na jamani, vitunguu saumu na sabuni huko ndani hapana, panaungua.

Safari nyingine ukiandikiwa antibayotiki, mwambie daktari mapema kwamba huwa zinakuletea fangasi.