Maandalizi ya Kubadilisha Chasisi Iliyoharibika ya Kasha la Diski

Chasisi ya kasha la diski, yaani fremu ya sanduku linalobeba diski nyingi za seva, haihifadhi data yoyote, kwa kuwa data yote imo ndani ya diski zenyewe. Hata hivyo, ndiyo inayoishika kila diski mahali pake, ikaigawia umeme na kuiunganisha na vidhibiti (vifaa vinavyosimamia usomaji na uandishi wa data) kupitia bodi ya saketi iliyo katikati, hivyo anayeibadilisha hulazimika kutoa kila kilichomo na kukirudisha kama kilivyokuwa. Skrubu hazina shida kubwa. Hatari iko katika kupoteza mpangilio.

Kwanza thibitisha kwamba mbovu ni chasisi kweli. Pawasaplai, feni, kebo na moduli za mawasiliano huharibika mara nyingi zaidi, na dalili zake hufanana na za chasisi. Diski moja ikileta hitilafu, ishuku diski hiyo kwanza. Lakini moduli ikikataliwa upande mmoja wa kasha huku ikifanya kazi vizuri upande wa pili, bodi ya kati ndiyo ya kushukiwa. Mulika ndani ya nafasi kwa tochi utafute pini iliyopinda au alama ya kuungua. Ukiiona pini iliyopinda, usiinyooshe, wala usichomeke hapo moduli nyingine nzima, kwani nayo inaweza kuharibika.

Kisha angalia hali ya data. Ikiwa kundi la RAID, yaani diski kadhaa zinazotunza data kwa pamoja ili moja ikifa data isipotee, limo katika kujijenga upya baada ya kubadilishiwa diski, subiri limalize, maana kulikatiza ni kuongeza hatari juu ya hatari. RAID hukinga dhidi ya kufa kwa diski, lakini haikingi dhidi ya mtu aliyezirudisha diski kombo na kukubali pendekezo la mfumo la kuanzisha kundi jipya. Kwa hiyo chukua nakala rudufu kamili, uihifadhi nje ya kasha hilo, halafu urejeshe mafaili machache kutoka humo na kuyafungua. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa mimi siihesabu kuwa nakala, na sioni sababu ya kuanza kazi bila jaribio hilo, hata pale wakubwa wanapohimiza haraka.

Andika jedwali lenye namba ya kila nafasi na namba ya utambulisho ya diski iliyomo, pamoja na nafasi zilizo tupu. Bandika lebo kwenye kila diski, na kwenye kila kebo bandika lebo ncha zote mbili, ukitaja inatoka tundu gani na kuingia tundu gani, kisha piga picha mbele na nyuma. Mifumo mingi huzitambua diski hata zikibadilishana nafasi, kwa kuwa taarifa za kundi zimeandikwa kwenye diski zenyewe, lakini si busara kuutegemea uwezo huo siku ya dharura. Nakili pia namba ya kasha katika mnyororo wa makasha na namba ya chasisi yenyewe, kwa sababu chasisi mpya huja na utambulisho wake, na baadhi ya mifumo huiona kama kifaa kigeni. Mwongozo wa modeli yako ndio unaoeleza namna ya kuusajili.

Chasisi ya akiba ikifika, linganisha namba yake ya kipuri na ya ile ya zamani, kisha kagua pini zake kabla ya siku ya kazi.

Uzito nao usipuuzwe. Diski 60 za inchi 3.5, kila moja ikiwa na gramu 700 hivi, ni kilo 42 kabla ya kuhesabu chuma na pawasaplai. Panga kutoa diski zote kwanza, na watu wawili wainue chasisi tupu. Andaa meza yenye mkeka wa kuzuia umeme tuli, ya kutosha kulaza diski bila kuzipandanisha, na mkanda wa mkononi uliounganishwa na waya wa ethi. Mtu kwa kawaida hahisi umeme tuli ulio chini ya volti 3,000 hivi, ilhali baadhi ya vijenzi huharibiwa na volti zisizofika 100.

Mwisho, andika utaratibu wa kuzima: programu zinazotumia data, seva, vidhibiti baada ya kumaliza kuandika kilichobaki kwenye kumbukumbu ya muda, na kasha likiwa la mwisho. Kebo zote mbili za umeme zitachomolewa, na diski zinazozunguka zitaachwa takriban dakika moja zisimame kabla ya kuguswa. Kabla ya kuzima, washa taa ya utambulisho ya kasha husika na ubandike utepe wa rangi mbele na nyuma yake, kwa kuwa nyuma ya raki makasha yote hufanana, na taa hiyo huzimika pamoja na umeme.