Smatwochi na simu zinavyoweza kukusaidia kuota huku unajua unaota

Wengi wananunua smatwochi wakijua wakishaivaa tu usiku huohuo wataanza kuota huku wanajua wanaota, haiendi hivyo jamani. Saa inakukisia muda tu, yaani ni saa ngapi unaingia kwenye ule usingizi wa ndoto unaoitwa REM, kazi iliyobaki unaifanya wewe mchana ukiwa macho. Na hii kitu ipo kweli, mwaka 1975 kule Uingereza mtafiti Keith Hearne alimpima Alan Worsley akiwa amelala fofofo na jamaa akatoa ishara waliyokubaliana, macho kushoto kulia kushoto kulia, maana kwenye REM misuli karibu yote inazimwa ila macho yanabaki huru.

Saa ya mkononi haisomi ubongo. Inapima mtikisiko, na ile taa ya kijani inapima mapigo ya moyo, mwili ukitulia halafu mapigo yakawa yanapandapanda na kushuka programu inasema hiyo ni REM. Ndo maana ukijilaza kimya unawaza ada ya watoto inaweza kuandika umelala. Vya kuvaa kichwani kama Muse S vinasoma umeme wa ubongo wenyewe, ila bei yake imechangamka. Huna hela ya saa? Sleep as Android inafuatilia kwa simu tu ukiiweka kitandani, lakini kama unalala na mtoto anayerusha mateke itahesabu mateke yake.

Vaa saa juu kidogo ya kifundo cha mkono, ikaze isicheze ila isikubane. Wiki mbili za kwanza usijaribu chochote, angalia tu grafu. Mzunguko mmoja wa usingizi ni kama dakika 90 na REM zinarefuka kadri kunavyokaribia kucha, kwa hiyo ukilala saa nne usiku ndoto ndefu utazipata kuanzia saa tisa hivi mpaka alfajiri, huko ndo pa kulenga.

Sasa chagua mlio mmoja laini ambao husikii kwingine. Mchana uwe unaupiga mara kadhaa, na kila ukilia simama kweli ujiulize hapa niko macho au naota, ziba pua kwa vidole, funga mdomo, ujaribu kuvuta hewa. Kwenye ndoto mara nyingi pua umeziba na hewa inapita vilevile, hapo ndo unashtuka. Ukifanya juujuu mchana hata ndotoni utafanya juujuu. Usiku washa sehemu ya ndoto kwenye app ya usingizi kama hiyo Sleep as Android ili mlio uleule ulie ikikisia REM, sauti iwe chini kabisa, ukiamka punguza tena.

Wikiendi weka alamu ya mtetemo saa tisa usiku, kaa macho nusu saa bila kushika TikTok, halafu rudi ulale ukijisemea "nikiota nitakumbuka kwamba naota", njia hii aliieneza Stephen LaBerge, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Kuamka na kulala hivi kunaweza kuleta jinamizi, akili imeamka mwili bado umezimwa, usipambane, pumua taratibu na ujaribu kuchezesha kidole kimoja, litapita. Mwenye kifafa aachane kabisa na zile barakoa za kulalia zenye taa za kuwakawaka machoni, na mwenye historia ya kusikia sauti au kuchanganyikiwa aongee na daktari kwanza. Na ukiona mchana unasinzia kazini acha, usingizi wenyewe ni muhimu kuliko ndoto.

Ukishajijua uko ndotoni usishangilie, utaamka, sugua viganja na uangalie kitu cha karibu mpaka picha itulie. Ukiamka andika ndoto kwenye daftari kabla hujafungua app, ndo uangalie mlio ulilia saa ngapi, kama kila siku unawahi kabla REM haijakolea, ucheleweshe dakika kadhaa usiku unaofuata.