Kijiti kimevuka bahari, kadi imebaki nyumbani: uzazi wa mpango ukiwa Uingereza

Dada mmoja alikaa mbele yangu kliniki, akapandisha mkono wa blauzi na kunigeuzia upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Nilipopapasa kwa vidole nilivihisi: vijiti viwili vya kuzuia mimba, vimelala sambamba chini ya ngozi. Nikamuuliza viliwekwa lini. "Mwanangu wa kwanza alikuwa hajaanza shule," akanijibu. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu. Ni vya aina gani? Hajui. Kadi je? Iko Morogoro kwa mama yake, ndani ya sanduku la nguo.

Mimi ni nesi, na kati ya maswali yote ninayowauliza wanawake wa kwetu hapa Uingereza, hili la kadi ndilo linalonikosesha amani. Tunasafiri na pasipoti, vyeti vya shule, hati ya kuzaliwa ya mtoto, hata unga wa muhogo. Kadi ya uzazi wa mpango tunaiacha, ilhali njia yenyewe tumeibeba mwilini.

Nieleze kwa nini karatasi ile ndogo ina uzito. Kwetu Afrika Mashariki kuna aina zaidi ya moja ya vijiti. Jadelle ni vijiti viwili na huzuia mimba kwa miaka 5. Levoplant navyo ni viwili, lakini muda wake uliothibitishwa ni miaka 3. Implanon NXT ni kijiti kimoja, miaka 3. Kwa hiyo nikipapasa mkono wako nikahisi viwili, vidole vyangu haviwezi kuniambia kama bado una miaka miwili ya ulinzi au ulishaisha zamani. Isitoshe, kliniki za hapa huweka aina moja tu, Nexplanon, ambayo ni kijiti kimoja, na ndiyo ile ile Implanon NXT kwa jina jingine. Nesi kijana aliyesomea hapa anaweza kumaliza miaka mingi ya kazi bila kuona mkono wenye vijiti viwili.

Basi leo hii, kabla hujaendelea na shughuli nyingine, mpigie aliyeko nyumbani. Aitafute kadi, aipige picha mbele na nyuma, akutumie kwa WhatsApp. Unachotaka ni jina la njia, tarehe iliyowekwa, na tarehe ya kutolewa. Kadi ikiwa imepotea, kituo kilichokuhudumia huandika wateja wake kwenye daftari, na ndugu anaweza kwenda kuulizia. Yote yakishindikana, hesabu kwamba muda umekwisha: tumia kondomu kuanzia sasa, pima mimba, na uweke miadi ya kuvitoa. Kumbuka kuwa kipimo cha mimba hukata shauri wiki 3 baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga. Kabla ya hapo kinaweza kusema hakuna, kumbe ipo.

Unapopiga simu kuomba miadi, sema wazi: ni vijiti viwili, viliwekwa Tanzania, au Kenya, au Kongo. Ukisema "kijiti" tu, utapangiwa muda mfupi na mtu asiyevizoea, kisha utarudishwa nyumbani na miadi mingine. Kama havishikiki kwa vidole, vitafutwe kwanza kwa ultrasaundi. Mtu asikuchane kwa kubahatisha. Na tafadhali, usikubali shoga yako akutolee nyumbani kwa wembe eti zamani alikuwa msaidizi wa zahanati. Nimeshika mikono yenye makovu ya namna hiyo, na katika mmoja kipande cha kijiti kilikuwa bado kimo ndani.

Pa kwenda, na gharama

Njia za uzazi wa mpango ni bure katika huduma ya afya ya taifa, NHS, na hapa ninamaanisha bure kwa kila mtu. Hata ambaye viza yake imekwisha, hata anayesubiri majibu ya ukimbizi, hadaiwi kwa huduma hii. Naisisitiza kwa sababu nimekutana na wanawake waliokaa miaka miwili bila kinga wakihofia bili, au wakihofia kwamba kliniki itawaripoti.

Milango iko mitatu. Wa kwanza ni kwa daktari wa mtaa, ambaye hapa kila mtu humwita GP. Kujiandikisha kwake hakuhitaji kuonyesha hati za uhamiaji. Wa pili ni kliniki ya afya ya uzazi, ambako huhitaji kuwa umejiandikisha kwa GP, na vijiti na vitanzi (vifaa vidogo vya kuzuia mimba vinavyokaa ndani ya mji wa mimba) huwekwa zaidi huko. Wa tatu ni duka la dawa. Tangu Desemba 2023, mfamasia nchini England anaweza kukuanzishia vidonge bila daktari na bila malipo, baada ya kukuuliza maswali na kupima presha inapohitajika.

Kwa anayetumia njia bila kumwambia mwenzake, na wapo wenye sababu nzito, kliniki ya afya ya uzazi ina mafaili yake peke yake. Taarifa za kwa GP huonekana kwenye programu ya NHS ya simu. Ikiwa kuna mtu anayefungua simu yako, hilo lifikirie mapema. Waambie pia wakupigie namba ipi, na kama barua isije nyumbani. Hakuna atakayedai ruhusa ya mume. Sheria ya hapa haiitaki.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani. Ni bure na mara nyingi huwa kwa simu. Usimtumie mtoto wako wa miaka kumi kueleza damu yako ya hedhi. Wenzetu wa Bukavu, Goma na Uvira waseme mapema kwamba wanataka mkalimani anayekielewa Kiswahili cha Kongo, kwa kuwa maneno ya mwili hutofautiana sana na ya Dar es Salaam. Na kama ulikeketwa, mwambie nesi kabla ya kuwekewa kitanzi. Hilo litambadilishia namna ya kukupima, na hutahukumiwa.

Sindano na zamu za kazi

Wengi wetu tunafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku wiki hii, ya mchana wiki ijayo. Sindano ya Depo-Provera hapa hupangwa kila wiki 13. Ukivuka wiki 14, usihesabu kwamba bado una kinga: kondomu, kisha uje tuzungumze. Kama unakwenda nyumbani Desemba kwa wiki sita, tarehe isikukute kijijini. Sindano inaweza kutolewa mapema, kuanzia wiki ya 10. Uliza pia kuhusu Sayana Press, dawa ile ile katika sindano ndogo unayojichoma mwenyewe tumboni au pajani. Waliotoka Uganda huenda wanaifahamu tayari. Kwa mtu wa zamu za usiku ni ukombozi, maana unaweka akiba nyumbani na humwombi bosi ruhusa.

Lakini kama unapanga kupata mtoto mwakani, usichague sindano. Uwezo wa kushika mimba hurudi, ila unaweza kuchukua hadi mwaka mmoja. Ukitoa kijiti au kitanzi, hurudi mara moja. Tofauti hii wanawake wengi huambiwa wakiwa wameshachomwa.

Vidonge na saa zetu

Nesi wa Kiingereza akikwambia umeze saa "eight" usiku, anamaanisha saa mbili usiku. Nimemkuta mama aliyetafsiri ile nane neno kwa neno, akawa anaweka kengele saa nane za usiku wa manane. Siku akiwa amechoka anameza kabla ya kulala, siku nyingine anaamka. Kidonge chenye homoni moja iitwayo desogestrel huvumilia ucheleweshaji wa muda wa hadi saa 12. Vile vya zamani vyenye homoni moja tu, projestojeni, huvumilia ucheleweshaji wa saa 3 tu. Ukipitiliza, meza mara unapokumbuka na tumia kondomu siku mbili zinazofuata. Ukisafiri kwenda Tanzania au Kenya, saa husogea mbele 2 wakati wa kiangazi cha huku na 3 wakati wa baridi. Mwachie simu yako kazi ya kukumbuka saa za Uingereza.

Vidonge vyenye homoni mbili havimfai kila mtu. Presha ya juu, kipandauso kinachotanguliwa na mimuliko machoni, historia ya damu kuganda, kuvuta sigara ukiwa na miaka 35 na zaidi, au mtoto mchanga wa chini ya wiki 6 unayemnyonyesha: yoyote kati ya hayo yanatosha kuchagua njia nyingine. Mwenye selimundu naye aseme. Tena vidonge vinategemea kumbukumbu: kati ya wanawake 100 wanaovitumia kwa mwaka katika maisha ya kawaida, kama 9 hupata mimba. Kwa kijiti au kitanzi hawafiki mmoja.

Dawa nyingine unazomeza

Hapa naomba usome polepole. Wageni wengi kutoka kwetu hupimwa kifua kikuu kilicholala mwilini, na wakikutwa nacho hupewa dawa kwa miezi 3, mara nyingi rifampisini pamoja na isoniazidi. Rifampisini huharakisha ini kuvunja homoni. Kijiti kiko mkononi, kadi iko sawa, tarehe haijafika, na mimba inaingia. Kliniki ya kifua ina yake ya kuangalia, ya uzazi haijui kama umeanza dawa, na katikati yao uko wewe. Karibu hali iyo hiyo huletwa na baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na efavirenzi kwa wanaoishi na VVU. Dolutegraviri, nayo dawa ya VVU, haina tatizo hilo. Sindano ya Depo na kitanzi haviathiriki. Athari ya rifampisini hubaki hadi siku 28 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo usiache kondomu siku unayomaliza dawa.

Ikitokea dharura

Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kile tunachokiita P2, kina levonogestreli, na kinatakiwa kumezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo. Kuna kingine, ulipristali, hadi saa 120. Mwenye uzito wa zaidi ya kilo 70 amwambie mfamasia, kwa sababu kipimo cha kawaida cha levonogestreli huenda kisimtoshe. Tangu Oktoba 2025 vidonge hivi hutolewa bure kwenye maduka ya dawa ya England. Njia iliyo imara kuliko vyote hivyo ni kitanzi cha shaba, ndani ya siku 5 baada ya tendo. Anayewekewa kitanzi hicho anaweza kukaa nacho miaka 5 hadi 10.

Simu kutoka nyumbani

Ninazijua simu hizo, na mimi nimezipokea. Mama anasema vijiti vinatembea hadi moyoni. Shangazi anasema sindano inafungia damu tumboni, ndiyo maana huoni siku zako. Wanasema kwa upendo, kwa hiyo wanastahili jibu. Damu haikusanyiki popote. Homoni huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba ubaki mwembamba, na usiponenepa hakuna cha kumwagika. Kijiti kikiwekwa vizuri hukaa pale pale chini ya ngozi. Kusogea mbali ni jambo la nadra sana, na ndiyo maana nakwambia ujipapase mara kwa mara, na usipokihisi uje. Lakini usinyamaze kwa kuogopa kuthibitisha maneno ya shangazi. Damu isiyokatika wiki baada ya wiki, maumivu ya kichwa, huzuni isiyo na sababu: hayo ni madhara ya kweli, yana matibabu, na kubadilisha njia si kushindwa.

Baada ya kujifungua, mimba inaweza kushika kuanzia siku ya 21, kabla hata ya ile ziara ya wiki ya 6 kwa GP. Kunyonyesha hukinga kwa takriban asilimia 98 pale tu mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa yako peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Ukirudi kazini na chupa zikaanza, ile hesabu imevunjika. Omba njia ukiwa bado wodini.

Na kina baba wanaosoma: kondomu ni bure kliniki, na vasektomi hufanywa na NHS bila malipo kwa aliyekwisha kuamua hataki mtoto mwingine. Ni upasuaji mdogo kuliko wa mwanamke, kwa ganzi, na haugusi nguvu za kiume.

Yule dada wa vijiti viwili alimpigia mdogo wake akiwa bado kwenye kiti. Picha ya kadi ilifika jioni: Jadelle, miaka mitano na miezi minne. Kipimo kilisema hakuna mimba. Tukampa kondomu, akarudi baada ya wiki tatu, tukapima tena, hakuna. Vijiti vikatolewa, akachagua kitanzi cha shaba kwa sababu alichoka na homoni. Kabla ya kuvaa koti aliipiga picha kadi mpya, mbele na nyuma, akaituma Morogoro.