Paini zinakufa kwa duara: jinsi ya kuzuia kuvu ya mizizi kwenye shamba dogo la miti

Ukiona paini tatu nne zimekauka zikiwa zimesimama, na msimu unaofuata zilizozizunguka zinageuka manjano, usikimbilie duka la dawa. Hakuna dawa ya kupulizia itakayofika palipo na tatizo. Kwenye shamba lililopandwa palipokuwa na msitu wa asili, mshukiwa wa kwanza ni amilaria, kuvu inayoishi ndani ya visiki na mizizi iliyoachwa ardhini. Hukaa humo miaka mingi. Mzizi wa mti wako ukigusana na huo wa zamani, kuvu inahamia kwako. Ndiyo maana miti haifi huku na kule, inafia mahali pamoja na duara linapanuka.

Hakikisha kwanza. Chagua mti unaoanza kunyauka; uliokauka zamani umeshaingiwa na mchwa na utakudanganya. Fukua shina hadi sentimita 20 au 30, kisha bandua gome kwa ncha ya panga. Utaona utando mweupe uliobana kati ya gome na mbao, umetanuka kama upepeo, na ukiunusa unanukia uyoga mbichi. Paini nyingi huvuja utomvu shinani ukagandamana na udongo. Wakati wa mvua huenda ukakuta vishada vya uyoga wa rangi ya asali, ila usivisubiri, kwani kuna misimu havioti kabisa.

Sasa tia alama ya rangi kwenye miti ya kukatwa: iliyokufa, inayougua, pamoja na mstari mmoja au miwili ya miti inayoonekana mizima kuizunguka. Hapa wengi huona uchungu, na hapa ndipo ugonjwa huwashinda. Mti wenye majani ya kijani kabisa unaweza kuwa umeshashikwa mizizini.

Fanya kazi kiangazi. Shina la juu bado ni zima, kwa hiyo lipasue au uliuze mapema, baada ya kumwona afisa misitu kuhusu kibali. Kisha ng'oa visiki kwa sururu na mtaimbo, ukifuata kila mzizi mnene kuliko kidole gumba. Vichome palepale shimoni baada ya kufyeka njia ya moto. Usivirundike kando ya miti mizima.

Nguvu kazi ikiwa haitoshi, zungushia eneo mtaro nje ya ile mistari ya miti mizima: upana sentimita 30, kina angalau 60, na mita 1 ni bora zaidi. Udongo utupwe upande wa ndani. Mtaro ukijaa majani na udongo, mizizi inavuka tena, hivyo usafishe kila mvua zinapoisha.

Miti mikubwa ya asili au migrivea unayotaka kuiondoa, usiikate ghafla. Wakulima wa chai wa Kenya huivisha pete kwanza: wanabandua gome kuzunguka shina, upana wa shubiri moja, na kuuacha mti usimame mpaka ukauke, mwaka mmoja hadi miwili. Chakula cha majani hakishuki tena, mizizi inamaliza wanga wake, na amilaria inakuta ghala tupu. Kosa kubwa ni kukata kwa shoka hadi ndani ya mbao. Mti utakufa haraka na wanga utabaki mizizini, yaani umeiandalia kuvu karamu. Bandua gome tu, na uondoe machipukizi yote chini ya pete.

Eneo lililong'olewa lipumzishe miaka 2 au zaidi chini ya mahindi au matete. Muhogo usiupande hapo, nao hushikwa na kuvu hiyohiyo. Unapolima, okota kila kipande cha mzizi kinachoibuka na ukichome. Kila baada ya miezi 6 pita ukingoni mwa duara na panga, ufukue shina la mti wowote uliopoteza rangi.