Android moja, nyumba nzima: namna ya kupanga konti na siri ya kila mutu

Nyumba mingi za huku Goma ziko na Android moja yenye kila mutu anapitiaka. Asubui iko kwa mama juu ya M-Pesa, mangaribi batoto banaangalia YouTube, usiku yaya anaingia mu Facebook yake, na kama umeme imekatika ni mwenye alienda kuichajisha kwa jirani njo anarudi nayo. Haina ubaya. Ubaya inaanza pale bitu byote binachanganyika mu konti moja na hakuna mwenye anajua ni konti ya nani. Sasa mbele ya kuweka kode na kufuli kila fasi, muulizane kwanza: Gmail yenye iko mu iyi telefone ni ya nani?

Ingia mu Paramètres (telefone mingi za huku ziko mu kifaransa), tafuta Google, adresi utaiona juu kabisa. Mara mingi utakuta jina yenye hata mumoja wenu haijui, juu mwenye aliwauzishia telefone kule Birere njo aliiwasha palepale ku butike, akatengeneza Gmail ya haraka haraka, kode akatosha mu kichwa yake na kesho yake akaisahau. Telefone inatumika muzuri tu mpaka siku mutoto anabadilisha kode ya ekra na kuisahau, munasema bon tuifute yote ianze upya, inamaliza kujifuta, alafu inawauliza ile Gmail ya zamani. Tangu Android 5.1 ya 2015 iko vile: telefone yenye ilifutwa kwa nguvu inabakia imefungwa mpaka konti yenye ilikuwa ndani irudishwe, ao kode ya zamani ya ekra. Walifanya vile juu ya kukatisha wezi tamaa, lakini telefone haiwezi kujua kama ni mwizi ao ni mama mwenye mali.

Njo maana, tengenezeni Gmail mupya ya mwenye telefone, na kode yake muiandike mu kadaftari kenye kanakaa pamoja na makaratasi ya parseli, si mu telefone yenyewe. Lakini mufuate mustari: ongeza konti mupya kwanza, hamisha nimero (mu Contacts kuko fasi ya Exporter, inakupatia fishe moja yenye unaweza kurudisha kisha) na foto, kisha njo utoshe ile ya zamani. Ukianza na kutosha, nimero zenye zilikuwa zimewekwa mu ile konti zinapotea mu telefone siku ileile, na utaanza kuomba nimero ya shangazi mu grupu ya familia kama mugeni.

Kitu ingine yenye batu banafanyaka sana ni kuweka Gmail moja mu telefone mbili. Baba ako Goma, mutoto anasoma Bukavu, bote mu konti moja juu ilikuwa rahisi. Kama sovugadi ya Google Photos (ile yenye inachunga foto zako ku internet) imewashwa, baba akipiga foto ya kidonda yake juu ya kuionyesha munganga, ile foto inatokea kule Bukavu wakati mutoto anaonyesha barafiki foto za sikukuu. Na mutoto akifuta nimero yenye anaona haina kazi, inafutika kwa baba pia. Kila mutu na Gmail yake, ni bure, haikule hata franga moja. Kama hamuwezi kuzitenganisha sasaivi, angalau uzime sovugadi ya foto ku telefone yenye foto zake hamutaki zionekane kule kwingine, na sinkronizasio ya nimero ku telefone moja.

Nakuya ku kutenganisha ndani ya telefone moja. Android iko na fasi ya kuongeza batumiaji, kila mutu anapata ekra yake, foto zake, aplikasio zake, na kode yake. Mu Paramètres andika neno utilisateurs ku loupe ya kutafutia. Kama inatokea, muko na bahati. Kama haitokee ni kwamba mwenye alitengeneza telefone aliitosha, Samsung kwa mufano ku telefone zake haiweke, inaweka ku tableti, na telefone za bei ya chini mingi hazina. Na hata kama iko, usiongeze batu batano ku telefone ya giga 32, kila mumoja anakula nafasi na itakuwa inatembea kama konokono. Mimi ningeongeza mutumiaji mumoja tu wa batoto, basi. Mwenye telefone hawezi kusoma bitu bya mutumiaji mwingine, lakini anaweza kumufuta na byote byake, mulijue ilo mbele.

Yenye haina batumiaji, tafuta kufuli ya aplikasio. Tecno na Infinix zinakuyaka nayo, Samsung mingi iko na dosie ya siri yenye kode yake. Inatosha kwa mambo ya nyumba. Lakini kufuli yote iyo inakuwa bure kama inafunguka na ileile kode ya ekra yenye kila mutu anaijua! Mwenye anajua kode ya ekra anaweza kuongeza kidole yake palepale, hata bila kukuambia. Kwa hiyo kode ya kufuli iwe ingine.

Kwa WhatsApp njo kunatokeaka kelele mingi. Konti inafuata nimero, haifuate telefone, na tangu 2023 unaweza kuweka nimero mbili mu WhatsApp moja ya Android, ya mama na ya yaya, kila mutu anageuza kwenda kwa yake. Bado mwenye anashika telefone anaweza kugeuza kwa ya mwingine. Mazungumzo yenye hautaki isomwe uishike kwa kidole, uchague kuifunga, kisha uweke kode ya siri yenye si ya ekra, na uifiche. Hapo itaonekana tu kama umeandika ile kode fasi ya kutafutia. Angalia pia Appareils connectés. WhatsApp inakubali kuunganisha mashini ine ingine, na mutu mwenye alishika telefone yako dakika moja anaweza kuunganisha ordinatere yake, akasoma byote kule kwake bila kurudi kwako. Ukikuta yenye hauijue, uikate saa ileile. Na uwashe Vérification en deux étapes, ile kode ya namba sita.

Franga sasa. Tangu mwanzo wa 2025 banki zifungwe huku, familia mingi franga zake ziko mu M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money tu, na mesaji ya kila operasio inasema wazi ngapi imebakia. Zima mesaji zisionekane ku ekra yenye imefungwa, iko mu Notifications. PIN ya franga isiwe mwaka wa kuzaliwa, na koko mwenye haone muzuri asaidiwe na mutu mumoja mwenye familia imechagua, si mutoto yeyote mwenye anapita. Ku SIM pia weka PIN, juu mutu akiitosha na kuitia mu telefone ingine anapokea kode zako zote za SMS. Ukikosea mara tatu inaomba PUK (kode ya kuifungulia), ukikosea PUK mara kumi SIM imekufa, kwa hiyo ile karto kubwa yenye SIM ilitoka ndani, yenye PUK imeandikwa, musiitupe.

Batoto bakiomba kuangalia video, washa Épinglage mu sekirite: aplikasio moja inabakia ku ekra, na kama umechagua vile, kutoka kunaomba kode. Hawatatuma mesaji kwa patro ya baba.

Ku ordinatere ya nyumba, Windows inaongeza batumiaji bila taabu, mu Comptes. Kama munatumia mutumiaji mumoja, mukatalie Chrome kila mara inauliza kuchunga kode. Navigation privée inaficha tu istoria ku ile mashini. Ukiacha Facebook wazi na dirisha halifungwi, mwenye anakuya kisha anaikuta.

Juu ya bazazi: mutoto wa myaka kumi, jueni kode yake, hakuna mabishano. Binti wa myaka kumi na saba, muelewane naye mbele mutaangalia nini na wakati gani. Ukimusomea mesaji usiku, kesho atafungua konti ya pili kwa rafiki yake na hautajua kitu tena.

Na kama telefone inauzishwa ao inatumwa kwa ndugu kule Masisi, tosha konti ya Google kwanza, tosha WhatsApp, tosha karte memwari na SIM, kisha njo uifute yote. Ukifuta bila kutosha Google, ndugu anaweza kukupigia juu ya Gmail yako, na kama na weye haujaikumbuka telefone itakaa mu kabati.