Plau la Zamani Kuingia Mashindanoni: Mikato Yote Ifanane

Mwamuzi wa mashindano ya kulima kwa plau anasimama mwisho wa kiwanja na kuichungulia mistari ya udongo iliyolazwa. Akiweza kutambua upi umekatwa na jembe la mbele na upi na la nyuma, alama zako zimeshaanza kupungua. Kwa plau lenye majembe mawili, matengenezo na marekebisho yote yana lengo hilo moja: mikato ilale kama mapacha, kimo kimoja na upana mmoja.

Nchini Uingereza na Ireland, ambako mashindano haya yana mizizi mirefu, daraja la vifaa vya zamani kwa kawaida ni la matrekta na maplau yaliyotengenezwa kabla ya 1960. Kifaa kinachoonekana sana ni trekta la Ferguson TE20, lililoundwa Coventry kati ya 1946 na 1956, pamoja na plau lake la majembe mawili. Kwetu pia mashindano haya si mageni, kwani yale ya dunia yalifanyika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, mwaka 1995 na tena 2017. Lakini wakulima wengi wa Afrika Mashariki wamezoea plau la diski, ambalo huviringika juu ya visiki na mawe. Plau la bawa, kama hilo la Ferguson, halina subira hiyo. Kosa dogo la kipimo lililoachwa karakana litaonekana shambani tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho wake.

Watu wengi wakipata plau la zamani hukimbilia rangi. Rangi haigeuzi udongo. Kazi ya kwanza ni kutu iliyo juu ya bawa, yaani bamba lililojipinda linalopindua udongo. Likwangue kwa brashi ya waya, kisha msasa, ukifuata mwelekeo ambao udongo hupita. Ukitumia grainda, isikae mahali pamoja, maana itachimba kishimo na udongo utanasa hapo hapo kila mara. Mng'aro wa mwisho hautoki karakana. Peleka plau kwenye shamba la udongo wa kichanga, lima mpaka bawa liteleze kama kioo, halafu siku hiyo hiyo lipake grisi nzito. Bawa lililoachwa na umande usiku mmoja huanza kutu tena.

Ulimi, yaani chuma cha chini ya bawa kinachokata udongo, nao una mambo yake. Ndimi nyingi za maplau hayo ni za chuma cha kusubu. Mwaka 1803, Robert Ransome wa Ipswich alipata hataza ya ulimi ambao upande wake wa chini umepozwa ghafla ukawa mgumu kuliko wa juu. Upande wa juu hulika upesi zaidi, hivyo makali yanajinoa yenyewe kazini. Ulimi wa aina hiyo usiupeleke kwa mhunzi auponde, utapasuka. Ukiisha, badilisha, na badilisha zote mbili kwa pamoja. Ulimi mpya kando ya uliochakaa ni njia ya uhakika ya kupata mikato miwili tofauti.

Kabla ya kufunga chochote, pima fremu. Miguu ya maplau haya, yaani vyuma vinavyoshikilia kila jembe kwenye fremu, imegonga mawe kwa miongo mingi, na mguu uliopinda kidogo macho hayauoni. Weka plau juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa. Pima kutoka ncha ya ulimi wa mbele hadi ya nyuma, kisha kutoka mkia wa bawa la mbele hadi mkia wa bawa la nyuma. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Vuta kamba pia kando ya mabamba ya ubavuni, yale yanayosuguana na ukuta wa mfuo (mtaro unaoachwa na plau), uone kama yanakwenda sambamba. Ukikuta tofauti, nyoosha mguu au rekebisha kishikizo cha bawa sasa. Hakuna skrubu itakayoficha hilo baadaye.

Hapo ndipo trekta linapoingia. Wakati wa kulima, magurudumu ya kulia hupita ndani ya mfuo na ya kushoto juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Kwa hiyo panda magurudumu ya kushoto juu ya mbao zenye unene sawa na kina unachotaka, shusha plau sakafuni, na uzungushe mpini wa mkono wa kulia wa haidroliki mpaka ndimi zote mbili ziguse sakafu sawasawa. Shambani, ukishusha upande wa kulia, jembe la mbele huzama zaidi. Ukiupandisha, hupungua kina. Kwa mkato wa upana wa inchi 10, kina cha inchi 7 huulaza udongo kwenye mteremko wa karibu nyuzi 45, na kuanzia inchi 6 bado unalala vizuri. Ukizidisha kina, mkato unasimama wima na nyasi zinachungulia.

Toplinki, yaani fito ya juu inayounganisha trekta na plau, ndiyo inayoamua plau liiname kiasi gani. Ukiifupisha mno, pua inazama na kisigino, yaani mwisho wa bamba la ubavuni la nyuma, kinaelea. Ukiirefusha mno, kisigino kinaburuta. Shuka utazame chini ya mfuo: kisigino kiache alama nyepesi, basi.

Upana wa mkato wa mbele ndio unaosumbua kuliko yote, kwa sababu hutegemea trekta na plau kwa pamoja. Kwenye plau la Ferguson kuna shafti iliyopinda inayoshikwa na mikono miwili ya chini ya trekta. Ukiizungusha, plau zima hugeuka kidogo na mkato wa mbele hupanuka au kupungua. Magurudumu ya TE20 nayo hupanuliwa kwa hatua za inchi 4, kwa hiyo yapange kwanza, halafu shafti ifanye marekebisho madogo. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, lima mita ishirini, pima tena.

Diski ya kukata, inayotangulia jembe na kupasua ardhi, ikae nje ya bamba la ubavuni kwa karibu nusu inchi, upande wa ardhi isiyolimwa. Ikikaa ndani zaidi, ukuta wa mfuo unachanika. Itikise kwa mkono, na ikicheza, badilisha beringi. Vijembe vidogo vya mbele, vinavyomega kona ya mkato na kutupa nyasi chini ya mfuo, viende kina kimoja, inchi 2 hivi. Vikizama sana vinaharibu ncha ya mkato, na kimoja kikizama kuliko kingine, tofauti ile ya mbele na nyuma imerudi.

Siku ya mashindano, endesha mwendo wa mtu anayetembea, kwani kasi hutawanya udongo. Mfuo wa kufungulia uwe wa kina kifupi na ukate ardhi yote, bila kuacha kamba ya nyasi katikati. Ule wa kumalizia uwe mwembamba na safi, kwa hiyo anza kupima upana uliobaki ukiwa bado na mizunguko kadhaa mbele yako, wakati marekebisho bado yanawezekana.