Jinsi ya kuunganisha darubini ya goto na KStars, halafu kusinki nyota bila kuiharibia hesabu

Wadau, naandikia wale wenye darubini za Celestron NexStar, zile zinazogeuka zenyewe kwa mota, na wanataka kuziendesha kwa laptopu. Natumia KStars, ni ya bure, na chini yake kuna INDI ndiyo inayoongea na mota. Mimi niko Dar kwa hiyo mifano yangu ni ya huku.

Kabla ya waya wowote elewa kusinki ni nini. Ukibonyeza Sync hauiambii darubini iende mahali, unaiambia "hapo unapoangalia sasa hivi ndipo ilipo nyota hii". Inakuamini moja kwa moja, ukiidanganya inadanganyika, ndo maana mimi naigusa mwisho kabisa.

Hatua ya 1, saa na mahali. Hapa ndo watu wengi wanapotea jamani. Rimoti (ile ya mkononi ya darubini yenyewe) haijui saa za Kiswahili, saa 2 usiku ni 20:00, ukiandika 2 umekosea masaa 6, na anga linazunguka digrii 15 kila saa kwa hiyo umeshapotea digrii 90, itakuletea orodha ya nyota ambazo hazijachomoza au itaelekeza bomba ardhini. Tarehe inaanza mwezi halafu siku. Kanda ya saa weka +3, ikiuliza standard au daylight chagua standard, huku hatubadilishi saa. Latitudo ya Dar ni 6.8 KUSINI, angalia hiyo S mara mbili. Longitudo 39.3 mashariki.

Hatua ya 2, alaini kwa rimoti kwanza, yaani ionyeshe darubini nyota unazozijua ili ijue anga limekaaje, laptopu bado. Chagua Auto Two-Star na nyota mbili zilizoachana vizuri, mfano Januari saa 2 usiku Sirius iko mashariki na Achernar kusini-magharibi, zote ziko juu vya kutosha. Ukiwa unaileta nyota katikati malizia na kishale cha juu na cha kulia tu, ikipitiliza rudi nyuma uanze tena, hiyo inaondoa ulegevu wa gia. Na umeme uwe wa uhakika, betri zikichoka mota inaanza kufanya vituko utadhani programu ndo mbovu.

Hatua ya 3, chomeka waya kwenye rimoti, siyo kwenye maunti (kile kishikilio chenye mota kinachobeba bomba la darubini), fungua KStars, chagua draiva ya Celestron, washa INDI uunganishe. Kwenye mipangilio ya INDI kuna sehemu ya nani anampa mwenzake saa na mahali. Mwenye saa awe mmoja. Mimi naiachia maunti kwa sababu ndiyo imeshaalainiwa, sitaki laptopu ije iibadilishie saa katikati ya kazi.

Hatua ya 4, jaribu. Bofya kulia kwenye nyota angavu iliyo karibu na unachokitafuta, mfano Rigel kama unaenda Nebula ya Orion (wingu la gesi angani), chagua Track. Ikisimama chungulia kwa lenzi ya milimita 25. Nyota ikiwa pembeni kidogo ilete katikati kwa vishale, hakikisha ni Rigel kweli, ndo sasa Sync. Ikiwa haipo kabisa usisinki! Rudi hatua ya 1.

Kitu kingine, ukiandika kwa mkono namba za RA na Dec (ni kama longitudo na latitudo za angani) usichukue za J2000, yaani zilizopimwa kwa anga la mwaka 2000, ukazipeleka moja kwa moja. Dunia inayumba taratibu kama pia ya kuchezea, na tangu 2000 namba zimehama kama theluthi moja ya digrii, hiyo inatosha kukutolea kitu nje ya duara la lenzi. Ukichagua kwenye ramani KStars inabadilisha yenyewe.

La mwisho ni la huku kwetu hasa. Nebula ya Orion ikiwa juu kabisa Dar inapita karibu na utosi, inakosa kama digrii moja na nusu tu, na maunti ya aina hii hapo inateseka, inabidi izunguke haraka sana kuifuata na bomba likisimama wima linaweza kugonga miguu. Katikati ya Januari hiyo ni kama saa 4 na robo usiku. Iangalie mapema saa 2 au 3, au subiri ishuke magharibi ndo uende tena na Track.